Kitambaa cha Kijani cha Marehemu Kazazi

Jumatano, 4 Machi

Nimekasirika hadi kalamu inatetemeka. Leo Mhandisi Tharwati wa halmashauri ameniambia, huku anatafuna mkate wa ful, yale maharagwe ya kupondwa, na mafuta yanamchuruzika kwenye tai, kwamba kaburi la Abdulmuti Kazazi litaondolewa. Kwa sababu gani? Pikapu za wauza samaki zipate pa kuegesha! Kazazi! Mtu aliyekwenda kusoma Paris akarudi na akili zake zote! Aliyeanzisha gazeti likafungwa mara nne, na kila likifunguliwa linauma zaidi! Mwandishi mkubwa kuliko wote waliozaliwa Mit Rumani katika karne ya kumi na tisa, na katika karne yoyote, maana kabla yake na baada yake hatukuzaa ila wauza samaki.

Mhandisi akauliza kama marehemu ana jamaa. Nikasema ukoo umekwisha. Akauliza kama kaburi lina wageni. Nikasema linao. Akauliza ni nani. Nikasema mimi. Akameza tonge.

Kisha akanieleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba kando ya soko kuna viwanja viwili tu vya kuchukuliwa: hilo kaburi, au Jumba la Kusomea. Nichague. Jumba la Kusomea! Ndimo ilimo ofisi ya Jumuiya ya Wapenzi wa Kazazi, ambayo mimi ndiye mwenyekiti, ndiye katibu, na tangu Ustadhi Labibu ahamie kwa mwanawe Aleksandria, ndiye wanachama. Nikamwambia sichagui. Akasema basi kaburi, kwa kuwa halina paa, tingatinga litalivunja upesi. Baraza litakaa tarehe ishirini na tisa.

Nimemsimulia Ihsani, mke wangu, akiwa anakatakata mlenda. Hakuacha kukata. Amesema Kazazi amekufa miaka mia na tisa, kuhama nyumba hakutamchosha. Halafu akauliza kama hilo tingatinga, likishamaliza kaburi, linaweza kupita na chini ya kitanda chetu. Anamaanisha vitabu vyangu! "Akili na Kicheko: Uchunguzi juu ya Abdulmuti Kazazi", kurasa mia sita, nilivyochapisha kwa jasho langu. Havijanunuliwa kwa sababu havijatangazwa. Ihsani anasema kitanda kimeinuka mpaka anapanda kwa kigoda. Chuku tupu. Kigoda ni kifupi sana.

Ijumaa, 6 Machi

Nimepata! Tarehe ishirini na saba ni siku aliyofariki Kazazi. Nitafanya muhadhara mkubwa pale pale kaburini. Halmashauri ikiona umati, itaona haya. Mwaka jana tulihudhuria watatu: mimi, Ami Shahata mlinzi wa makaburi, na mbuzi wake. Mbuzi aliondoka kabla sijafika kwenye hitimisho. Kwa watu wengine kumpigia mbuzi gitaa ni msemo. Mimi nimeyaona kwa macho.

Baada ya sala nikaenda mkahawani kutangaza. Wakauliza kama kutakuwa na chakula. Nikasema kutakuwa na chakula cha ubongo. Wakarudi kwenye bao lao.

Mama Ragabu, yule anayeuza chai kwenye lango la makaburi, angalau aliuliza swali. Alitaka kujua huyu Kazazi wangu kazi yake nini. Nikamweleza alifundisha watu kufikiri.

"Na magoti je, anayawezea?" akauliza.

Nikamjibu kwamba Kazazi anafaa kwa akili.

"Akili yangu haiumi, Ustadhi. Linaloniua ni goti."

Huu ndio mji ninaoupigania.

Tena jioni nikafungua redio, nani anaongea? Daktari Nazmi wa chuo kikuu! Anasema Kazazi "aliwaiga Wafaransa". Mtu huyu hajawahi kulitia machoni kaburi la Kazazi. Hana hata nakala ya kitabu changu, ingawa nilimpelekea mbili. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini kwa nini livume kwenye redio ya taifa?

Jumapili, 8 Machi

Kazi imeanza. Kaburi lilikuwa limechakaa, aibu kwa mgeni yeyote mwenye heshima. Nimelipaka chokaa kwa mkono wangu. Kuna ufa juu ya jiwe ambao chokaa haikuufunika, nikaona bora nitandike kitambaa. Haji Bayumi wa dukani alikuwa na satini ya kijani tu kwa urefu niliotaka, masalio ya mapazia ya ukumbi wa harusi. Kijani ni rangi ya majira haya ya kuchipua. Hata jalada la kitabu changu ni kijani. Nikanunua.

Kwa mpwa wangu anayekodisha vyombo vya harusi nikaazima waya wa taa za rangi, wasikilizaji wasijikwae jua likizama.

Ihsani alikuja kuniletea chakula, akasimama mbali, akatazama. Chokaa, kitambaa cha kijani, taa.

"Rushdi," akasema, "unajua umefanya nini?"

Nikamwambia nimefanya usafi. Ni kwa ajili ya unadhifu tu. Akasema, haya. Sipendi namna Ihsani anavyosema haya. Kipande cha kitambaa kilichobaki amekitia kabatini, eti huenda nikakihitaji siku nikitaka kuharibu kitu kingine.

Jumanne, 10 Machi

Mishumaa! Nimekuta mishumaa miwili kichwani pa Kazazi! Na ukutani, juu ya chokaa yangu ambayo haijakauka vizuri, alama ya kiganja cha hina!

Ami Shahata anasema Mama Ragabu alikaa jana mchana, akaegemeza goti kwenye ukuta wa kaburi, likalia ko, maumivu yakaisha. Nilikwenda moja kwa moja langoni kumweleza mama huyu mambo ya sayansi. Nikamwambia ukuta ulikuwa umepigwa na jua tangu asubuhi, na joto hulegeza viungo. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema ndivyo hasa, joto lile lilikuwa la sheikh.

Sheikh! Kazazi aliyekivua kilemba kwenye gati la Marseilles akakitupa baharini! Ushahidi upo katika sura yangu ya tatu.

Chai alinipa bure. Sikuikataa, lakini niliinywa kwa hasira.

Alhamisi, 12 Machi

Mambo yamezidi. Sasa wanamwita Sidi Muti, kama walii. Watu wanatoka hata vijiji vya ng'ambo ya mfereji. Pembeni kuna muuza dengu za kukaanga, na mwanamke mmoja aliyeweka nadhiri amekuja na sufuria la wali akawagawia wote. Nilipewa sahani. Ami Shahata amevaa kanzu mpya na anawaelekeza wageni wavulie viatu wapi. Nikamwamuru aondoe mishumaa. Akaniambia, Ustadhi, mimi ni nani hata nimzimie taa sheikh?

Nikaona dawa ya moto ni moto. Kitabu kikuu cha Kazazi ni "Kiboko cha Wapenda Makaburi", sura kumi na moja za kuwacheka watu wa namna hii hii. Nikakitoa mfukoni. Nikapanda juu ya jiwe moja la pembeni, mbele ya wanawake kama thelathini, nikasoma sura ya kwanza kwa sauti yangu yote. Maskini mimi! Nilisahau kitu kimoja. Kazazi, kama waandishi wote wa zama zake, aliandika nathari ya vina.

Nikasoma: "Ewe uliyekuja na mshumaa na ubani, kumnong'onezea mfu aliye kaburini! Mwili wake umekwisha kuwa udongo, nawe wamwomba akuponye mgongo?"

"Amina," wakaitikia. "Akuponye mgongo."

Nikasoma kwa ukali zaidi: "Amelala hana habari, nawe wamletea sukari!"

"Amina!"

Kufika aya ya tano walikuwa wanayumba. Bibi mmoja wa mbele akawa analia machozi ya kweli, akaniomba nimwandikie kile kipande cha mgongo kwenye karatasi, akishone ndani ya hirizi. Dhihaka kali kuliko zote zilizoandikwa katika bonde la Nili, inashonwa ndani ya hirizi! Nikateremka. Mkono wangu ulibusiwa na watu sita kabla sijafika langoni.

Jumamosi, 14 Machi

Usiyempenda kaja. Daktari Nazmi amekuja kutoka chuo kikuu, suti ya kitani, na mpigapicha wa gazeti nyuma yake. Ile aibu niliyomwona nayo ni hii: hakuwa na aibu. Akazunguka kaburi mara tatu huku anasema ajabu, ajabu. Kisha akamhoji Mama Ragabu. Mama huyu, ambaye juzi hakujua Kazazi ni mtu au ni dawa, akamwambia kwamba nyanya yake aliletwa hapa tumboni mwa mama yake. Yaani mila ni ya zamani hizo. Daktari akaandika kila neno.

Nikamfuata, nikamsalimia kwa heshima zote. Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka jina la mboga. Akanitangazia kwamba amefanya ugunduzi: upande wa Kazazi usiojulikana, Kazazi wa watu, walii wa wanyonge, anayezuriwa bila kukatizwa tangu siku aliyozikwa. Akasema wasomi wa vitabuni hawakuliona hili kwa kuwa hawakanyagi mavumbi. Hawakanyagi mavumbi! Mimi ninayelifagia kaburi lile tangu Ihsani hajaanza kuvaa miwani!

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kitambaa nimenunua mimi. Chokaa nimepaka mimi. Taa ni za harusi za mpwa wangu. Lakini nikikiri, mila itakufa, watu watatawanyika, na tarehe ishirini na tisa tingatinga litapita juu ya Kazazi. Nisipokiri, Nazmi atakwenda Kairo kusoma upuuzi huu mbele ya wanazuoni wa taifa na watampigia makofi.

Nilinyamaza. Tumbo linauma hadi sasa. Ihsani amenichemshia mnaanaa akaniuliza, bila kucheka, kama nimejaribu kuliegemeza kaburini.

Jumanne, 17 Machi

Nimepata njia ya katikati. Kitambaa kiondoke, mahali pake niweke kibao kizuri cha mbao chenye maneno ya Kazazi mwenyewe. Watu wabaki, ujinga uondoke. Nilikwenda saa ya chakula cha mchana, wakati makaburi ni matupu. Nikakivuta kitambaa. Nikakikunja. Nikakitia kwapani.

Mama Ragabu hakuwa amekwenda kula.

Sijui goti lile liliuma lini, maana alinikimbiza toka kaburini hadi kwenye meza za wauza bamia bila kupunguza mwendo, kandambili mkononi. "Mwizi wa nguo za sheikh!" Soko zima likasimama. Nilipigwa na kandambili mbili, moja ikiwa yake na nyingine sikuitambua. Askari wakaniokoa kwa kunikamata.

Kituoni Afande alikuwa kijana mwenye masharubu mazuri. Nikamweleza yote: Paris, gazeti, kilemba, nathari ya vina. Alisikiliza hadi mwisho, namsifu kwa hilo. Kisha akasema mama yake mzazi ameanza kulala usingizi tangu aende kwa Sidi Muti Jumatano iliyopita, na lau si kwamba Sidi Muti ni mwenye huruma, ningelala ndani. Nikakirudisha kitambaa mwenyewe, nikakitandika mbele ya umati, na pembe za kitambaa nikaambiwa nizibusu. Nilizibusu. Zilikuwa na harufu ya duka la Haji Bayumi.

Ihsani amekuja kunichukua. Njia nzima hakusema neno. Hiyo ni mbaya kuliko haya.

Jumapili, 22 Machi

Mhandisi Tharwati haogopi mawalii. Ameleta tingatinga kabla baraza halijakaa, eti kupima tu. Watu wakajipanga mbele ya lango. Dereva akawasha. Likakohoa, likazima. Akawasha tena. Kimya. Dereva akateremka, akavua kofia, akasoma Fatiha, akaenda zake nyumbani kwa miguu na kumwachia mhandisi ufunguo.

Vigelegele vilisikika hadi stesheni ya treni.

Mimi najua. Asubuhi na mapema nilimwona Ami Shahata akitoka nyuma ya lile tingatinga na mpira wa kunyonyea na dumu linalonuka dizeli. Nilipomkabili akaniambia sheikh ana watumishi wake wanaoonekana na wasioonekana. Nikamwambia yeye alionekana. Akanikazia macho akauliza: sasa Ustadhi, unataka likae au unataka lijazwe mafuta?

Swali la kijinga. Nikaenda zangu. Lakini Kazazi amebaki mahali pake siku moja zaidi, na mimi nilipofika nyumbani nikajikuta nimekula sahani mbili.

Ghadhabu ikarudi na gazeti la jioni. Picha ya Nazmi, mkono kifuani, mbele ya kitambaa CHANGU.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika nikiwa sina kiatu kimoja.

Nilipanga muhadhara. Nimekuta maulidi ya Sidi Muti. Bembea, pipi za ufuta, kibanda cha kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, duara la zikri lenye ngoma, na taa za mpwa wangu zimezaa zikawa taa za mtaa mzima. Umati niliouomba umekuja, mara mia. Hakuna hata mmoja aliyenijia mimi. Meza yangu ya muhadhara ilikuwa inauziwa maini ya kukaanga.

Mbele kabisa, kwenye viti vya kuegemea: naibu wa gavana, Mhandisi Tharwati akiwa amenuna, na Daktari Nazmi na kipaza sauti. Akaanza. Akasema watu wa Mit Rumani, kwa moyo wao safi, wamehifadhi kwa zaidi ya karne moja kile ambacho vitabu vilikipoteza. Akasema kitambaa hiki cha kijani, mabibi na mabwana, ni mrithi wa vitambaa vilivyotandikwa na kizazi kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo kitu kilinikatika ndani. Ukweli ni ukweli. Nimetumia nusu ya umri wangu kwa ajili ya mtu aliyeandika kwamba uongo ukinyamaziwa huota ndevu. Nilimtazama naibu wa gavana, nikalikumbuka tingatinga, nikajua ninachokihatarisha. Nikapanda juu ya meza ya maini.

"Huo ni uongo!" nikapiga kelele. "Kitambaa nimekinunua mimi, Rushdi Bakli, kwa Haji Bayumi, tarehe nane mwezi huu. Ni masalio ya mapazia. Kaburi hili halikuwa na mtu ila mimi na mbuzi!"

Ngoma ikanyamaza. Bembea zikasimama. Nazmi akafungua mdomo akausahau wazi. Mhandisi Tharwati, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatabasamu. Nikafikiri: basi, nimemuua Kazazi mara ya pili.

Mama Ragabu akatoka mbele polepole, akafuta mikono kwenye vazi lake. Hakupandisha sauti.

"Ustadhi. Miaka yote ile ulikuwa unakuja hapa mikono mitupu, sivyo?"

Nikasema ndivyo.

"Na siku hiyo, nani aliyekutia moyoni ukanunue kitambaa?"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na jibu. Nina hakika nilikuwa na jibu. Kuhusu ule ufa. Lakini kabla halijatoka kuna mtu alisema Allahu Akbar, mwingine akaitikia, vigelegele vikapasuka, na mara nikawa hewani. Wamenibeba! Mabegani! Mteule wa Sidi Muti! Wamenizungusha kaburi mara saba, huku nawapigia kelele kwamba haya ndiyo aliyoyacheka Kazazi katika sura ya nne, sura ya nne, someni sura ya nne! Nao wakaitikia kwa mahadhi ya zikri: sura ya nne, sura ya nne.

Kiatu kilichukuliwa kwa ajili ya baraka. Kilikuwa kiatu changu kizuri.

Jumamosi, 28 Machi

Tangu alfajiri watu mlangoni. Nilidhani wamekuja kunipiga. Wamekuja kununua kitabu! Nilikuwa nakivuta chini ya kitanda kimoja kimoja, nasaini, nawauliza kama wangependa niwaeleze hoja yangu kuu kwa ufupi. Hawakupenda. Mmoja amekichukua akiweke chini ya mto wa mkwewe mgumba. Mwingine wa kuzuia panya ghalani. Mama Ragabu amenunua viwili, na akanionyesha mwenyewe jinsi atakavyokaa: kimoja kwa kila goti. Nikamsihi asome walau dibaji. Akasema, Ustadhi, kitu kikifanya kazi huna haja ya kukifungua.

Kufika adhuhuri vilikwisha. Vyote! Kazi ya maisha yangu imeenea mji mzima na hakuna ukurasa uliogeuzwa. Kitanda kimeshuka. Ihsani alikaa juu yake, nyayo zikagusa sakafu, akafumba macho kama aliyefika peponi. Akasema nimshukuru yule mzee na niache sasa, nitulie. Nikamuuliza yupi, Kazazi? Akasema Sidi Muti.

Hata nyumbani kwangu.

Jumatatu, 30 Machi

Baraza lilikaa jana. Kaburi halitaguswa. Dereva hataki, mama yake Afande hataki, na naibu wa gavana ameshapigwa picha mbele yake. Kazazi amepona! Mimi ndiye niliyemponya, kwa utafiti, kwa uvumilivu na kwa ujasiri wa kusema kweli. Nilikwenda kumweleza Mhandisi Tharwati hivyo hivyo.

Alikuwa na mkate wa ful mkononi. Akasema nimefanya vizuri nimekuja, maana kuna jambo linanihusu. Pikapu bado zinahitaji pa kuegesha, na kiwanja kimebaki kimoja. Jumba la Kusomea litavunjwa mwezi wa tano. Nikamkumbusha kwamba ndani mna matoleo ya kwanza ya Kazazi, magazeti yake yote, hati, ofisi ya Jumuiya! Yaani Kazazi mwenyewe yumo mle, kaburini pana mifupa tu!

Akauliza kama jumba lina wageni. Nikasema linao. Akauliza ni nani.

Akameza tonge.

Kurudi nyumbani nikakuta gazeti. Makala ya Daktari Nazmi, ukurasa mzima. Amenitaja! Nimesoma mwenyewe: "mtumishi wa kaburi, mzee mcha Mungu wa huko, asiye na elimu kubwa, ambaye kwa unyofu wa moyo wake alikiri kuongozwa na walii." Asiye na elimu kubwa! Kurasa mia sita! Nimelichana, nikaliunga tena kwa gundi kwa sababu ni ushahidi. Ihsani ameniambia sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kulala kwenye kitanda chake kifupi.

Lakini sijakata tamaa. Mtu wa akili hujifunza kutokana na yaliyompata. Nimefikiri kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama alivyofundisha Kazazi. Jumba la Kusomea limepauka mno, mgeni mwenye heshima hawezi kuvutiwa. Pale chini ya ngazi, karibu na mlango, sakafu ina mwinuko mrefu kidogo, kama urefu wa mtu aliyelala. Unachukiza macho. Kesho nitaupaka chokaa. Na kabatini kimebaki kile kipande cha kijani, kinatosha kabisa. Ni kwa ajili ya unadhifu tu.